Plau, Jembe na Mikono ya Mama



Katika mashamba ya Busawe, kama yalivyo mengi ya Serengeti na Tarime, msimu huanza kwa sauti ya mwanamume akiswaga maksai. Plau si chombo cha kale. Iliingia katika nchi ya Wakuria wakati wa ukoloni, ikapokewa vema kwa kuwa ng'ombe walikuwapo tayari, na vijana wa kuwaongoza walikuwapo. Shamba lililochukua majuma kulimwa kwa jembe la mkono likapinduliwa kwa siku chache.

Lakini tutazame kilichofuata. Ng'ombe walikuwa mali ya mwanamume, hivyo kazi ya plau ikawa yake, nayo ikapewa heshima. Palizi ilibaki kwa mwanamke. Shamba lilipopanuka, palizi nayo ilipanuka, wala hapakuwa na maksai wa kuifanya. Aliyewahi kupalilia ulezi anajua: gugu lake changa hufanana nao mno, hata hulazimu kuinama na kung'oa kwa vidole, shina baada ya shina. Chombo kilichosifiwa kwa kupunguza jasho kilimwongezea mmoja jasho.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama mkoani humu humu, aliliona jambo hili. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitamka waziwazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote nchini, huku wanaume wa huko wakiwa likizoni nusu ya maisha yao. (Maneno makali, sidhani kama yalisomwa sana vilabuni.) Mwalimu huyo huyo alihimiza plau itangulie trekta. Waliokumbuka Kongwa walimwelewa: mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, ulileta matrekta mengi, ardhi ngumu ikayashinda, ukaachwa mwaka 1951 baada ya kumeza takribani pauni milioni 36.

Mwaka 2009 Kilimo Kwanza ikaja na trekta tena, kubwa na zile ndogo za kushikwa kwa mikono. Kijana aliyeona haya kushika jembe hujivunia kushika usukani. Palizini haonekani.

Na chombo cha kupalilia kinachokokotwa na maksai kipo, tena tangu zamani. Mahindi yakipandwa kwa mistari, kinapita vizuri. Ni nadra kukiona. Fedha ya nyumba ikipatikana, hununua plau kwanza.