Hifadhi ya wingu inapokwama kwenye Raspberry Pi

UMEME ukirudi baada ya kukatika usiku kucha, taa za nyumba na ofisi za Kitisuru huwaka kwa mpigo, na kompyuta ndogo iliyowekwa kando ya ruta huamka pamoja nazo. Haichukui muda kabla ya kuwa tayari kwa kazi. Folda ambamo hati huwekwa ipo mahali pake, hufunguka, na hupokea faili mpya bila kulalamika. Wiki kadhaa baadaye mwenye ofisi huifungua hifadhi yake ya wingu akiwa safarini, akakuta kwamba hakuna hati hata moja iliyofika tangu usiku ule.

Hitilafu ya namna hii haina kelele, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Kompyuta iliyokataa kuwaka hutafutiwa fundi siku hiyo hiyo, ilhali iliyowaka na kufanya nusu ya kazi huachwa iendelee. Kwa mfanyabiashara hasara yaweza kuwa kubwa. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 humtaka mlipa kodi nchini Kenya kuzitunza rekodi zake kwa miaka 5, na si rahisi kumridhisha mkaguzi kwa maelezo kuhusu kadi ya kumbukumbu iliyoharibika.

Raspberry Pi, iliyo maarufu zaidi miongoni mwa kompyuta zinazotoshea kiganjani, ilianza kuuzwa Februari 29, 2012. Wabunifu wake wako Cambridge, Uingereza. Kwa kawaida mfumo wake wa Linux na faili zake zote hukaa katika kadi ndogo kama ile ya simu. Kadi hiyo ina nafasi haba na yaweza kuharibika umeme ukikatwa ghafla, ndiyo maana wengi huiunganisha kompyuta hiyo na hifadhi ya mbali kama vile Google Drive.

Programu itumikayo sana kwa kazi hiyo ni rclone, iliyoanzishwa na Mwingereza Nick Craig-Wood. Huitegemea FUSE, sehemu ya kiini cha Linux tangu 2005, ambayo huiwezesha programu ya kawaida kujifanya diski. Mtumiaji huchagua folda tupu, tuseme /mnt/wingu, na rclone huipachika hifadhi ya mbali juu yake.

Neno "juu" ndilo la kuzingatiwa. Folda ya asili haiondoki. Hufunikwa tu, kama jamvi linavyofunikwa na zulia. Rclone isipoanza, zulia halipo, jamvi hubaki wazi, na chochote kinachowekwa hapo huangukia kwenye kadi. Programu inayohifadhi picha za kamera ya langoni haijui tofauti. Hata mtu anayeitazama folda hiyo haijui.

Kwa hivyo, kabla ya kugusa mipangilio yoyote, ni sharti kuuliza iwapo hifadhi imepachikwa kweli. Amri "findmnt /mnt/wingu" hujibu mara moja. Isipoonyesha kitu, hakuna kilichopachikwa. Amri "df -h /mnt/wingu" nayo hutaja diski inayopokea faili. Ikitaja kadi ya kompyuta yenyewe, jibu ni lile lile.

Faili zilizoangukia kwenye kadi zinapaswa kuhamishiwa folda nyingine kabla ya hifadhi kupachikwa upya. Kosa linalofanywa mara kwa mara ni kuiwasha rclone kwa haraka na kufurahia kuona hati za zamani zimerudi. Zile za wiki iliyopita zingali chini ya zulia, hazionekani, lakini zinakula nafasi. Fundi anayestaajabu kwa nini kadi imejaa ilhali haoni faili kubwa popote aanzie hapo: aiondoe hifadhi kwa amri "umount", kisha atazame kilichobaki.

Kinga yake ni rahisi, na inashangaza kwamba haitajwi sana. Hifadhi ikiwa haijapachikwa na folda ikiwa tupu, amri "chattr +i /mnt/wingu" huifunga isipokee chochote, hata kutoka kwa mtumiaji mkuu. Rclone ikikosa kuanza, programu nyingine zitagonga ukuta na kutoa kilio. Njia hii huhitaji rclone iendeshwe na mtumiaji mkuu, kwa kuwa mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kupachika juu ya folda asiyoweza kuiandikia. Palipo na mtumiaji wa kawaida, hati ya kunakili faili ianze na amri "mountpoint -q /mnt/wingu", na isimame papo hapo ikikosa jibu jema.

Ama kuhusu sababu ya rclone kutoanza, aghalabu ni mbio. Umeme ukirudi, kompyuta ndogo na ruta huanza pamoja, lakini kompyuta huweza kumaliza kabla ya kisanduku cha faiba kupata mawasiliano. Rclone hulitafuta wingu, halioni, hukata tamaa na kufa. Wakenya walioshuhudia umeme ukizimika karibu nchi nzima mnamo Agosti 25, Novemba 11 na Desemba 10, 2023 hawahitaji kuelezwa kwamba jambo hili hutukia.

Wengi huandika "After=network-online.target" katika faili ya huduma ya systemd wakidhani wamemaliza. Mstari huo unafaa lakini hautoshi. Mfumo waweza kuuhesabu mtandao kuwa tayari mara tu ruta inapoipa kompyuta anwani, hata kama ruta yenyewe bado haijafika nje ya ua. Dawa ni kuongeza "Restart=on-failure" na "RestartSec=30", ili huduma ijaribu tena kila baada ya sekunde 30 hadi njia ifunguke.

Saa ni mtego mwingine. Matoleo ya Raspberry Pi yaliyotangulia lile la 5, lililotoka 2023, hayana saa inayoendelea kutembea umeme usipokuwapo. Hata hilo la 5 huhitaji betri inayonunuliwa kando. Kompyuta ikiamka hushika saa ya mwisho iliyoandikwa kwenye kadi, kisha hungoja mtandao uisahihishe. Umeme ukikatika kwa saa mbili, madhara ni nadra. Lakini kompyuta iliyokaa kabatini miezi kadhaa itavikuta vyeti vya usalama vya Google vikiwa na tarehe ambayo kwake haijafika, nayo itavikataa kwa ujumbe wenye maneno "not yet valid". Amri "timedatectl" huonyesha iwapo saa imelinganishwa.

Mtandao na saa vikiwa sawa, jaribio linalofuata ni "rclone lsd wingu:", ambapo "wingu" ni jina lililopewa hifadhi wakati wa kuiandaa. Amri hii huitembelea hifadhi moja kwa moja bila kupachika kitu. Ikifaulu, kasoro iko kwenye upachikaji. Ikishindwa, iko kwenye ruhusa au njia.

Kuhusu ruhusa, Google humpa mtumiaji tokeni, yaani hati ya kupitia isiyohitaji nywila kila mara. Mtu aliyejisajilia kitambulisho chake mwenyewe cha programu na kukiacha katika hali ya majaribio huipoteza tokeni hiyo kila baada ya siku 7. Tokeni isiyotumiwa kwa miezi 6 nayo hufa. Amri "rclone config reconnect wingu:" huomba nyingine. Kompyuta isiyo na skrini husaidiwa na tarakilishi yenye kivinjari, kwa amri "rclone authorize".

Huenda pia amri ikafaulu ikiandikwa kwa mkono lakini huduma ikakataa. Hapo shuku jina la mtumiaji. Mipangilio hukaa katika faili "rclone.conf" ndani ya folda ya aliyeiandaa, ilhali huduma ya mtumiaji mkuu huitafuta chini ya /root. Chaguo "--config" huielekeza mahali sahihi. Kadhalika, hifadhi iliyopachikwa na mtumiaji mmoja haifunguliwi na wengine mpaka chaguo "--allow-other" liwekwe.

Ujumbe "Transport endpoint is not connected" huwatisha wengi bure. Maana yake ni kwamba rclone imekufa huku upachikaji wake ukibaki kama kibanda kisicho na mwenyewe. Amri "fusermount -uz /mnt/wingu" hukiondoa, kisha huduma huanzishwa upya. Katika matoleo mapya amri hiyo huitwa "fusermount3". Kifo kikijirudia, amri "dmesg" yaweza kuonyesha kwamba kiini cha mfumo ndicho kilichoiua kwa uhaba wa kumbukumbu, hasa katika kompyuta zenye megabaiti 512.

Hata upachikaji ulio hai hauthibitishi kwamba faili imefika. Chaguo "--vfs-cache-mode writes", ambalo programu nyingi hulihitaji ili ziweze kuandika, huiweka faili kwanza katika akiba ya muda iliyo kwenye kadi ile ile, kisha huituma. Nafasi ya bure ya Google, ambayo imekuwa gigabaiti 15 tangu 2013 na hutumiwa pia na barua pepe na picha, ikijaa, faili huonekana katika folda huku ikikataliwa ng'ambo. Amri "rclone about wingu:" huonyesha nafasi iliyosalia. Umeme ukikatika kabla ya faili kutumwa, rclone huimalizia ikianzishwa kwa chaguo zile zile, mradi kadi iwe salama.

Mwendo wa mtandao nao huweza kuchelewesha foleni hiyo. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 12, 2024, intaneti ilipungua kasi nchini Kenya na katika nchi jirani. Wakati kama huo ni heri kuisubiri foleni kuliko kuzima na kuwasha kompyuta.

Jambo jingine si la hitilafu, ila haliwezi kupitwa. Faili ya "rclone.conf" hubeba tokeni ikiwa wazi. Anayeiba kompyuta ndogo, ambayo huingia mfukoni, huenda na ufunguo wa hifadhi nzima. Rclone huruhusu faili hiyo kufungwa kwa nywila. Ikiibwa, ruhusa yake ifutwe katika akaunti ya Google siku hiyo hiyo.

Baada ya matengenezo, jaribio lenye uzito ni kuchomoa umeme wa ruta na wa kompyuta kwa pamoja, tena baada ya kuizima kompyuta kwa utaratibu, kisha kuvirudisha kwa wakati mmoja. Zikishapita dakika 10, faili ndogo iandikwe katika /mnt/wingu na itafutwe kwa simu inayotumia bando lake yenyewe, si Wi-Fi ya nyumba hiyo.