Mbege: Habari za Pombe ya Uchagani

Watu wengi wakisikia neno mbege hufikiri habari ya ulevi tu. Lakini mtu atakaye kujua mambo ya kale ya Uchagani, toka Siha hata Rombo, hawezi kuipita pombe hii. Ndani ya chungu kimoja zimo habari za mashamba na maji, za ndoa na mashauri, na mwisho habari za fedha. Katika makala hii twataka kueleza asili yake na mapishi yake, kisha tuonyeshe jinsi ilivyogeuka ilipoingia sokoni.

Mbege ina vitu viwili vikubwa, ndizi na ulezi. Ulezi ni mwenyeji, kwa kuwa ni nafaka ya Afrika hii hii, uliolimwa tangu kale katika nchi za juu za upande wa mashariki. Mgomba ni mgeni, asili yake ni Asia ya kusini mashariki, nao ulivuka bahari ukaona udongo wa mlima wetu kuwa mwema. Basi mgeni na mwenyeji walikutana katika chungu. Nalo jina la pombe lafuata nafaka, kwa maana Wachaga huuita ulezi wenyewe mbege.

Wala si ajabu, kwa kuwa ulezi ulikuwa na jasho jingi kuliko ndizi. Migomba hukua kihambani, karibu na nyumba. Ulezi ulilimwa katika mashamba ya chini, penye mvua chache, ukanyweshwa kwa maji ya mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa na koo kutoka katika makorongo ya mito. Mzungu Harry Johnston, aliyekaa Moshi mwaka 1884, aliistaajabia sana mifereji hiyo. Kuichimba na kuisafisha ilikuwa kazi ya watu wengi pamoja, na kugawana maji kulitaka zamu na amani. Kwa hiyo kabla pombe haijapikwa, ujirani ulikuwa umekwisha kufanya kazi yake.

Sasa tueleze mapishi. Kazi hii ni ya wanawake, wala haimalizwi kwa siku moja. Kwanza ulezi hulowekwa, ukawekwa mahali penye unyevu na joto hata uchipue. Ukiisha kuchipua huanikwa juani, kisha husagwa, na unga huo ndio kimea. Kuchipua si jambo la bure. Punje inapoamka hufanya ndani yake nguvu ya kugeuza wanga kuwa sukari, na pasipo sukari hapana pombe.

Ndizi zilizoiva sana humenywa, zikachemshwa kwa maji muda mrefu, hata rangi yake igeuke kuwa ya kahawia. Huachwa zipoe, zikakaa siku chache zipate kuchacha, kisha huchujwa, machicha yakatengwa na maji yakawekwa. Mwisho unga wa kimea hupikwa uji, ukatiwa uchungu wa magome ya mti uitwao msesewa. Uji ukipoa huchanganywa na yale maji ya ndizi, na kesho yake pombe i tayari.

Kila kitu kina kazi yake. Ndizi hutoa utamu na ukali, ulezi huipa pombe uzito, hata mnywaji huona kama kwamba anakula na kunywa pamoja, na msesewa huukata utamu. Mpishi asiyejua kipimo cha msesewa hupata pombe chungu isiyonyweka. Lakini tabia yake iliyo kubwa kupita zote ni hii: mbege haiwekeki. Ikipita siku mbili tatu huwa kali mno, nayo haifai tena. Mtu hawezi kuikusanya kama nafaka ghalani. Akiisha kupika, hana budi kuwaita watu.

Hapo ndipo tuonapo kwa nini pombe hii ilishika mahali pakubwa katika sheria za kale. Mposaji hakwenda kwa wazazi wa msichana mikono mitupu, bali mbege ilitangulia, ikafuatana na kila hatua ya mahari. Waliogombana walipopatanishwa, mkosaji alileta jani la isale, dalili ya kuomba msamaha, na mbege ililetwa ili wanywe pamoja. Wazee waliokata shauri walipewa, na majirani waliosaidia kazi walipewa. Mangi naye alikuwa na haki ya kupata sehemu yake. Kata ilizunguka kwa kufuata heshima ya umri, na kila mtu alijua zamu yake. Kwa watu wasioandika hati, wale walioinywa walikuwa ndio mashahidi.

Mbege ilimiminwa pia chini kwa ajili ya wazee waliokufa, na hapo Ukristo ulipata shida. Wamisionari wa Kiluteri wa Leipzig walifika mlimani mwaka 1893, baada ya Mapadre wa Roho Mtakatifu waliokuwa wamekwisha kukaa Kilema. Hawakuweza kuikubali sadaka ile. Lakini Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Uchagani tangu mwaka 1902, kwa sehemu kubwa huko Moshi ya Kale, aliona kwamba vifungo vya ukoo na ujirani ni zawadi ya Mungu, na kwamba si vema kuvivunja ovyo. Tangu hapo Wakristo wamegawanyika: wako wasioigusa kabisa pombe, na wako wanaoinywa kwa kiasi.

Tena tusidhani ya kuwa mambo haya ni yetu peke yetu. Katharina, mke wa Martin Luther, alipika pombe nyumbani kwake Wittenberg. Huko Uingereza nako, zamani pombe nzito ya rangi ya kahawia ilipikwa kwa kimea cha shayiri, na wapishi wengi walikuwa wanawake majumbani, nayo iliharibika upesi kama mbege. Kisha yakaingia maua machungu ya mmea uitwao hopi, yenye kuzuia pombe isiharibike. Ilipoweza kukaa, iliweza kusafirishwa. Ilipoweza kusafirishwa, ikawa biashara ya wenye mali, na wanawake wakaachwa nyuma.

Kwetu fedha ilikuja kwa njia nyingine. Wadachi walimnyonga Mangi Meli mwaka 1900, wakatoza kodi, na reli ya kutoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911. Kahawa ilienea vihambani, na mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, kilichotangulia ule ushirika wa KNCU. Mashamba ya ulezi yalipungua, hata siku hizi ulezi mwingi hununuliwa sokoni, umetoka nchi nyingine. Mwenye kununua ulezi kwa fedha hana budi kuuza pombe kwa fedha. Basi mbege iliyongoja arusi au upatanisho ilianza kupikwa kila siku, na kwa kuwa haiwekeki, ilitaka wanywaji kila siku.

Hili ndilo geuzo kubwa, nalo lina pande mbili. Kwa kuwa viwanda havikuweza kuinyakua upesi, mbege ilibaki mikononi mwa wanawake, na wengi wamelipa karo za watoto wao kwa chungu hicho. Lakini kwa upande wa pili, katika kilabu hapana mzee wa kugawa kwa zamu, wala shauri la kumaliza. Kipimo ni fedha iliyo mfukoni. Mume akimaliza huko bei ya kahawa, watoto hulala na njaa.

Kwa hiyo atakayehukumu mbege na ahukumu kwa haki. Ulezi, ndizi na msesewa ni vile vile vya zamani. Kilichoondoka ni mpaka uliowekwa kuzunguka kata: sababu ya kunywa, zamu ya kunywa, na jirani aliyetazama. Mpaka huo waweza kurudishwa, katika nyumba inywayo na isiyokunywa. Na ninyi mlio na mama wazee, waulizeni kipimo cha msesewa na habari za mifongo, mkaziandike, kabla chungu hakijabaki bila mwenye kukijua.