Kutoka ua la shaba mpaka maua ya bidoni

Watu wa Musonoi, na ninyi mliohamishwa, leo tuongee maua.

Kabla ya kampuni yoyote, ua lilionyesha madini. Udongo wenye shaba nyingi unaua mimea mingi, lakini Haumaniastrum katangense, ua la shaba, linavumilia. Wachimbuaji wa mambo ya kale walilifuata, wakakuta matanuri ya wazee wetu waliyeyusha shaba zamani, Wazungu hawajafika.

Mwaka 1906 ikaundwa Union Minière. Mwaka 1967 migodi ikawa ya taifa, ndiyo Gécamines ya baadaye. Kambi za wafanyakazi zilipangwa kwa mistari, na mama wengi walipanda maua mbele ya barza. Leo mgodi umesogea mpaka kwenye nyumba zenyewe. Aliyehama na kupanga hachimbi bustani katika parseli ya mtu. Kwa hiyo maua yameingia ndani ya bidoni.

Kata bidoni ya mafuta ya kula, si ya asidi. Toboa chini maji yatoke. Tia udongo mweusi na samadi. Udongo wa mgodi utakausha pervenche yako. Ile ya kuning'iniza inakauka upesi: wakati wa kiangazi mwagia kila siku.

Na ukiambiwa uhame, kata tawi la bougainvillea ya mlangoni, ulibebe. Nyumba ikibomolewa, tawi linaota penye utakuwa.