Neno "Skrini" na Kukwama kwa Madirisha ya Linux, 1992–2009

Mfumo wa X, ambao ndio uchorao madirisha juu ya kioo cha kompyuta, ulianzishwa mwaka 1984 katika chuo cha MIT huko Marekani, na toleo lake la 11 likatoka Septemba 1987. Ulikusudiwa mashine za vyuoni, zenye mafundi wa kuzitunza. Linus Torvalds alipoitoa Linux huko Helsinki mwaka 1991, na watu wa XFree86 walipoanza mwaka uliofuata kuuleta mfumo huo kwenye kompyuta ndogo, kazi ya fundi ilimwangukia mwenye mashine.

Nayo haikuwa kazi nyepesi. Vioo vya siku zile vilikuwa na mwali wa elektroni uliopita mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini, na mtumiaji alipaswa kuuandika mwendo wa mwali huo kwa tarakimu katika faili. Mathalan, picha ya nukta 640 kwa 480 ilihitaji nukta 25,175,000 kwa sekunde. Kila mstari ulihesabiwa nukta 800, kwa kuwa mwali ulitaka nafasi ya kurudi. Na mistari, kwa sababu iyo hiyo, ilikuwa 525. Kwa kugawanya hupatikana mistari 31,469 hivi kwa sekunde, na picha kamili karibu 60. Aliyekosea aliona giza au picha iliyovurugika, na maelezo ya mfumo yalionya kwamba kioo chenyewe chaweza kuharibika. Hesabu hizo alizijua mtengenezaji. Mnunuzi aghalabu hakuwa hata na kijitabu chake.

Mfumo ulioagizwa kuanza wenyewe ulianguka na kuinuka tena na tena, kioo kikizimika na kuwaka, mtu asipate nafasi ya kuandika amri. Dawa ilikuwa kuiwasha kompyuta katika hali ya maandishi matupu, kisha kulisoma daftari la matukio.

Hapo ndipo lilipokaa tatizo la lugha. Ujumbe wa mwisho ulisema kwamba hakuna skrini iliyopatikana, na mtu aliusoma ujumbe huo juu ya kioo kilicho mbele ya macho yake! Walakini katika istilahi ya X neno hilo halikuwa na maana ya kioo. Lilikuwa jina la muungano wa kadi ya picha na kioo, pamoja na kina cha rangi na ukubwa wa picha. Kimoja kikikataa, muungano mzima ulihesabiwa haupo. Sababu yenyewe ilikuwa mistari kadhaa juu yake, ambayo tangu toleo la 4 la mwaka 2000 ilitiwa alama (EE); hivyo ilifaa daftari lisomwe kutoka chini kwenda juu. Aliyelichukua neno kwa maana ya kila siku angeweza kubadilisha waya, hata kununua kioo kipya, asipone. Mfasiri wa Kiswahili atakayetumia "kioo" mahali pote pawili atairithi hitilafu hiyo nzima.

Ukombozi ulikuja kwa njia nyingine. Kanuni ya VESA ya mwaka 1994 iliwezesha kioo kuitajia kompyuta hesabu zake, Knoppix, mwaka 2000, ikazoea kuvitambua vifaa yenyewe, X.Org ikashika nafasi ya XFree86 mwaka 2004, baada ya ugomvi wa leseni. Na mwaka 2009 kiini cha Linux, toleo 2.6.29, kilianza kuipanga picha chenyewe. Faili ile ya tarakimu ikawa haihitajiki kwa watu wengi. Sentensi ya skrini haikubadilishwa.