Mtarakwa si mwerezi, wala si msaipresi

Mwulize fundi wa ua kule Elburgon au Molo anachimbia nguzo za mti gani, naye atakujibu bila kusita: "Hizi ni posti za sida, mchwa hawaziwezi." Mzee Mkikuyu wa Bahati atakwambia ni mũtarakwa. Mmaasai atasema oltarakwai, na Mkalenjin wa Kuresoi atasema tarakwet. Kiswahili nacho kina neno lake, mtarakwa, na wingi wake ni mitarakwa. Mti ni mmoja, na wataalamu wa mimea wanauita Juniperus procera.

Hebu tuyatazame majina hayo kwa karibu. Kimaasai kimetanguliza ol-, kiambishi cha nomino za kiume. Kikalenjin kimeongeza -et mwishoni. Kikuyu kimeweka mũ- na Kiswahili m-, kiambishi cha ngeli ya miti. Ukivua mavazi hayo yote unabaki na mzizi uleule, tarakwa. Hata Kaptarakwa, kule Elgeyo Marakwet, imeubeba mzizi huo. Jamii ambazo mara nyingi tunasikia zimegombania ardhi ya Bonde la Ufa zimekuwa zikitumia neno moja kuuita mti huu.

Je, sida ni nini? Ni neno la Kiingereza tulilolitohoa, na Waingereza wenyewe walilitumia kwa kukisia. Walipoona mbao nyekundu zenye harufu nzuri, walikumbuka miti ya Lebanoni. Miti hiyo ya Lebanoni Kiswahili kiliipa jina zamani: mwerezi, kutokana na neno la Kiarabu arz, na ndilo tunalolisoma katika Biblia. Mwerezi halisi una asili yake Lebanoni, milima ya Atlas na Himalaya. Mtarakwa ni wa ukoo mwingine kabisa. Kwa hiyo anayetafsiri sida ya Molo kuwa mwerezi anauhamishia mti wa Mau Mashariki ya Kati.

Makao ya mtarakwa ni nyanda za juu, kuanzia Uarabuni kupitia Ethiopia na Kenya hadi Malawi na Zimbabwe. Hapa kwetu unapatikana Mau, Eburru, Bahati na Subukia, mara nyingi mahali penye ukavu kiasi, ukiwa jirani na mzeituni wa mwituni. Huweza kufikia mita 40. Kuna miti dume na miti jike, na matunda yake madogo ya buluu huliwa na ndege, ambao ndio husambaza mbegu. Miche yake haipendi kivuli cha wazazi wake. Huchipuka vizuri palipo wazi, hasa baada ya moto kupita. Na haina haraka ya kukua.

Waogiek wa Mau waliujua mti huu kabla ya idara yoyote ya misitu kuwapo. Walichonga mizinga ya nyuki kwa mbao zake kwa sababu haziozi upesi, na magome yake yanayobanduka kama utepe yalikuwa na kazi zake. Lakini reli ilipofika Nakuru mwaka 1900, mtarakwa ulianza kutazamwa kwa jicho jingine. Treni zilihitaji kuni, mashamba ya walowezi yalihitaji nguzo, na viwanda vya Ulaya vilitaka mbao laini za kutengenezea penseli, maana miti ya aina hiyo kutoka Marekani ilikuwa ikipungua. Kule Usambara, Wajerumani nao waliikata mitarakwa ya Shume. Huenda babu zetu walijifunza kuandika kwa penseli zilizotokana na misitu ya kwao wenyewe!

Palipokatwa mtarakwa, mara nyingi hapakurudishwa mtarakwa. Chini ya mfumo wa shamba, ulioanza mwaka 1910, wakulima walilima katikati ya miche ya kigeni, hasa misaipresi na misonobari, iliyopendwa kwa kukua haraka. Msaipresi uliotawala unaitwa kitaalamu Cupressus lusitanica, yaani wa Ureno, ilhali kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Jina jingine lililopotea njia!

Haraka ina gharama yake. Saipresi iliyotangulia, ya macrocarpa, iliangamizwa na kuvu inayokausha magome. Msonobari wa radiata ukapigwa na baa la majani katika miaka ya 1960. Mwaka 1990 wakaonekana nchini vidukari wa saipresi, wadudu wafyonzao utomvu mpaka matawi yakakauka rangi ya kahawia. Hawakubagua: waliushambulia na mtarakwa, ambao tayari ulikuwa na adui wake wa siku nyingi, kuvu inayoozesha kiini cha miti mikongwe. Watafiti waliwaleta nyigu wadogo wa kupambana na vidukari hao. Uingereza ilipata somo kama hilo. Miti yake ya elm, ambayo mingi ilizaliana kwa machipukizi na hivyo kufanana mno, ilipoteza zaidi ya milioni 25 kwa ugonjwa mmoja kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Shamba la miti inayofanana ni karamu iliyoandaliwa kwa ugonjwa.

Mwaka 2001 serikali ilimega zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki. Mwaka 2018 ukataji katika misitu ya umma ulipigwa marufuku, na Julai 2023 Rais William Ruto akatangaza, akiwa Molo, kwamba marufuku hiyo imekwisha. Hoja kuu ilikuwa kwamba miti iliyokomaa inaozea msituni. Hapo ndipo lugha inapotudai umakini, ndugu msomaji. Umekomaa mti gani? Msaipresi wa miaka 30 umekomaa kweli, ukatwe na watu wapate riziki. Mtarakwa wa miaka 30 bado ni kijana. Na tukiambiwa kwamba miti milioni kadhaa imepandwa, hesabu hiyo haitupi habari kamili mpaka itajwe ni miti ipi.

Neno "miti" ni pana, nalo limeficha mengi kwa zaidi ya karne moja. Msitu wa mitarakwa unaweza kuondoka na wa misaipresi ukaingia, na ripoti ikaendelea kusoma "msitu" vilevile. Kwa hiyo tusiliache jina mtarakwa lilale kwenye kamusi huku tukinunua sida na kuimba mierezi. Likitoweka vinywani mwetu, siku mti wenyewe utakapotoweka hatutakuwa hata na neno la kuulizia ulikokwenda.