Paka wa kizungu na bima yake: mambo ya kujua kabla ya kutoa makuta

Vitshumbi, kwenye mwambao wa kusini wa Ziwa Edward, paka hafugwi juu ya uzuri. Anafugwa juu ya panya. Kwenye depo za samaki ya chumvi panya wanaingia usiku, wanatoboa magunia, na mwenye mali anaona hasara kabla gari ya Goma haijapakia. Paka anakula matumbo ya samaki pamoja na wale marabu wanaotembea katikati ya nyumba kama wenyeji, na hakuna anayehesabu bei yake. Akikufa, mtoto wa paka mwingine anatafutwa kwa jirani.

Kwa paka wa kizungu hesabu ni ingine. Wageni wanaomaliza kazi Goma wanaacha wanyama wao nyuma, na wenye uwezo wananunua. Paka wa manyoya marefu analipiwa dola, kisha mwenye kumnunua anaanza kuogopa: akigonjwa je? Ndugu walioko Ubelgiji, Ufaransa ama Kanada wanamwambia kwa simu kwamba kule paka ana asiranse, analipiwa kila mwezi kama vile mtu.

Bima za paka kule si jambo la jana. Sweden walianza na farasi na ng'ombe mwaka 1890, na mbwa wa kwanza akapata bima huko huko mwaka 1924. Uingereza ilifuata mwaka 1947. Marekani walichelewa mpaka 1982, na wa kwanza kuandikwa alikuwa Lassie, yule mbwa wa televisheni.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi kueleza, lakini matatizo yanajificha kwenye maandishi madogo. Mwenye paka analipa kila mwezi ama kila mwaka. Paka akigonjwa, mara nyingi yeye mwenyewe ndiye anatoa kwanza pesa ya daktari wa wanyama, kisha anatuma fakture, na sosiete inamrudishia sehemu. Si zote. Kuna kiasi cha kwanza ambacho kinabaki juu yake kila mara, Wafaransa wanakiita franchise. Kuna plafond, yaani kiwango cha mwisho ambacho sosiete haivuki kwa mwaka. Na kuna siku za kungoja mwanzoni: ukisaini leo, ugonjwa wa kesho haulipwi. Ugonjwa ambao paka alikuwa nao kabla ya kontra, huo karibu kila sosiete inaukataa.

Kwa paka wa mbegu maalum, wale wa "de race", kuna kitu kimoja cha kuangalia kuliko vingine vyote: magonjwa ya kurithi. Paka wa Kiajemi, mwenye uso wa bapa, mbegu yake inajulikana kwa ugonjwa wa figo kujaa vifuko vya maji. Maine Coon, yule mkubwa, ana ugonjwa wa moyo ambao misuli yake inanenepa mpaka damu haipiti vizuri. Scottish Fold amependwa juu ya masikio yaliyokunjwa, lakini kile kinachokunja masikio ndicho kinaharibu viungo vya miguu yake. Sasa kama kontra inasema magonjwa ya kurithi hayalipwi, mwenye Persian amenunua nini? Amelipia mguu uliovunjika, basi. Hilo ndilo swali la kwanza kwa ndugu wa Ulaya anayechagua bima, na bei ya mwezi inakuja nyuma yake.

Tena jina "de race" lenyewe linataka karatasi. Ufaransa, paka haitwi hivyo kisheria kama hajaandikwa kwenye kitabu cha LOOF, hata akiwa na manyoya ya kuvutia namna gani. Paka wengi wanaouzwa huku kama wa mbegu hawana karatasi hiyo. Na si kila mbegu ni ya Wazungu. Sokoke, paka mwenye madoa kama ganda la mti, alitoka kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya. Wagiriama walikuwa wanamjua zamani. Watoto wake walichukuliwa na kufugwa kuanzia 1978, wengine wakapelekwa Denmark, na mwaka 1993 akaandikwa kati ya mbegu zinazotambuliwa. Paka wa msituni akawa paka wa passport.

Turudi huku kwetu. Kongo, kazi ya bima ilikuwa mikononi mwa SONAS peke yake tangu miaka ya 1960. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango kwa sosiete zingine, na ARCA, yenye makao Kinshasa, ndiyo inatoa ruhusa na kuchunguza. Lakini bima ambayo mkaaji wa Vitshumbi ama Kiwanja anaijua ni ile ya gari na pikipiki, ambayo polisi anauliza barabarani. Ya paka haimo. Kwa hiyo mtu akikuja na karatasi nzuri, anaomba dola za kuandikisha mnyama wako, muulize jina la sosiete na ruhusa ya ARCA, na muulize pesa itarudishwa kupitia wapi. Swali hilo la mwisho lina uzito: mabenki ya Goma yalifunga milango mwisho wa Januari 2025. Bima ambayo haina njia ya kulipa ni zawadi tu kwa mwenye kuiuza.

Majirani wamejaribu bima ya wanyama, lakini kwa wale wanaolisha familia. Kenya, kuanzia Januari 2010, wafugaji wa Marsabit waliweza kununua bima inayopima majani kwa satelaiti: majani yakikauka kupita kiasi, wanalipwa. Rwanda ilianza yake mwaka 2019, serikali inasaidia asilimia 40 ya malipo, na ng'ombe ni kati ya wanaoandikwa. Paka bado hajafika kwenye foleni hiyo, na ni haki yake kungoja.

Kile kinachowezekana Vitshumbi ni kidogo lakini ni cha kweli. Wamama wauza samaki wanajua AVEC: kila juma unaweka, kuna na kisanduku cha msaada kwa matatizo. Mwenye paka wa bei anaweza kufanya vile vile peke yake, kutenga kila mwezi kile ambacho angempa mwenye bima. Pesa hiyo haina siku za kungoja wala franchise. Isipotumika, ni yake.

Na kazi ya kwanza ya pesa hiyo ni chanjo. Hata bima za Ulaya zinakataa kulipa ugonjwa ambao chanjo ingeuzuia. Kuna typhus ya paka, inayoua watoto wa paka kwa siku chache kwa kuhara na kutapika. Lakini ile inayogusa nyumba nzima ni kichaa cha mbwa, watu wanauita raje. Paka naye anaushika, akiumwa na mbwa ama mnyama wa pori, na Vitshumbi iko ndani ya Parc ya Virunga. Chanjo inatolewa kuanzia umri wa miezi mitatu, inarudiwa mwaka unaofuata, kisha kama veterineri anavyopanga.

Hapa hasara si ya manyoya tena. Code civil ya Kongo, kitabu cha tatu, kifungu cha 261, inasema mwenye mnyama ndiye anajibu kwa ubaya ambao mnyama amefanya, hata akiwa amepotea ama ametoroka. Paka akimuuma mtoto wa jirani, matunzo ya mtoto yanaweza kuanguka juu ya mwenye paka. Na raje, dalili zikishatokea kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Mtoto akiumwa ama akikwaruzwa, kidonda kinaoshwa hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, kisha anapelekwa kituo cha afya siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo. Paka asiuawe kwa hasira. Afungwe fasi salama, aangaliwe siku 10: akibaki mzima, hakuwa na raje ya kuambukiza siku ile aliyouma. Muuguzi ataomba karatasi ya chanjo, yenye tarehe, namba ya dawa na sahihi ya veterineri. Karatasi hiyo iwekwe ndani ya plastiki, mbali na maji na panya.