Demokrasia na Msamiati Wake: Kutoka Athens hadi Usukuma

Neno demokrasia limekwisha kukaa katika Kiswahili hata halimshtui tena msomaji. Tunalisikia redioni, tunalisoma katika nyaraka za Serikali, na wanafunzi hulikuta katika vitabu vya historia na uraia. Hata hivyo, mwalimu anapofika kwenye habari za Wagiriki wa kale, huona mara moja kwamba neno hilo peke yake halimtoshi. Nyuma yake kuna vyombo na desturi nyingi, na kila kimoja kinadai jina lake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tukiyachanganya majina hayo tunapoteza historia yenyewe. Tutapima jambo hili kwa mifano miwili: Athens ya kale, na nchi ya Usukuma, hasa Shinyanga na Geita.

Tuanze na neno lenyewe. Limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki: demos, yaani watu, na kratos, yaani nguvu au mamlaka. Lakini demos lilikuwa na maana mbili. Lilikuwa umma wote wa raia, na pia lilikuwa kitongoji. Maana hii ya pili si ndogo. Mwaka 594 K.K. Solon alikwisha kufuta madeni ya maskini na kukataza raia asifanywe mtumwa kwa sababu ya deni. Mnamo 508 K.K. Cleisthenes alikwenda mbali zaidi. Alimwandikisha kila raia katika kitongoji chake, akaviunganisha vitongoji hivyo katika makabila 10 mapya yasiyofuata nasaba. Kila kabila lilitoa watu 50, na hao wote wakawa Baraza la Watu 500. Kwa hiyo nguvu za koo kubwa zilipunguzwa kwa kubadili mahali pa kuandikishia jina la mtu. Mfasiri anayeandika "umma" kila anapoliona neno demos ataificha hatua hiyo kubwa.

Juu ya Baraza palikuwa na mkutano wa raia wote, uliokutana katika kilima cha Pnyx. Baraza lilitayarisha hoja. Mkutano ulizijadili na kuamua. Baadhi ya waandishi huuita mkutano huo "bunge". Tafsiri hiyo inapotosha, kwani bunge ni chombo cha wawakilishi, na pale Pnyx raia hakuwakilishwa na mtu; alikwenda mwenyewe. Kwetu Tanzania mfano ulio karibu zaidi ni mkutano wa kijiji, ambao kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 ni wa wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18. Halmashauri ya kijiji ndiyo iliyo mfano wa Baraza. Mwalimu wa Kahama au Sengerema akieleza hivyo, mwanafunzi ataelewa bila kupelekwa Ulaya kwanza.

Neno la pili linalostahili kutazamwa ni kura. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni bahati nasibu. Ndiyo maana katika tafsiri ya Biblia askari wanaogawana mavazi ya Yesu wanapiga kura; hawachagui, wanaachia bahati. Leo kupiga kura ni kutoa uamuzi wa hiari, jambo ambalo ni kinyume cha bahati. Sasa basi, watu wa Athens walitumia njia zote mbili. Wajumbe wa Baraza, mahakimu wa mabaraza ya hukumu na maofisa wengi walipatikana kwa kura ya bahati. Majemadari walichaguliwa kwa kuinua mikono, kwa kuwa vita vilihitaji ujuzi. Aristotle aliiona kura ya bahati kuwa ndiyo alama ya demokrasia, na uchaguzi kuwa alama ya utawala wa wachache, kwa maana uchaguzi huwapendelea wenye jina na mali. Mfasiri akiandika "walipigiwa kura" kwa njia zote mbili, hoja hiyo haitaeleweka kamwe. Inafaa tuseme "kura ya bahati" kwa ile ya kwanza na "uchaguzi" kwa ile ya pili.

Je, Usukuma ulikuwa na nini? Nchi ilikuwa na tawala nyingi ndogo, kila moja chini ya mtemi wake. Mtemi hakujitawaza. Banang'oma, yaani wazee wa baraza lake, ndio waliomchagua katika ukoo wa utemi, na kwa desturi ya zamani mara nyingi alikuwa mtoto wa dada wa mtemi aliyetangulia. Mvua ikikosekana na nchi ikaharibika, aliweza kuondolewa. Vijijini walikuwapo wazee, waitwao banamhala, na vijana waliokuwa na chama chao na kiongozi wao, nsumba ntale, aliyeongoza kazi za pamoja za kilimo. Haifai kusema kwamba huu ulikuwa utawala wa Athens, kwani utemi ulifuata ukoo na kura haikuwapo. Lakini haifai pia kusema kwamba ulikuwa utawala wa mtu mmoja. Palikuwa na wa kumchagua mtawala na palikuwa na njia ya kumwondoa. Lugha ya huko imekwisha kutupa neno Ikulu, ambalo asili yake ni makao ya mtemi. Labda ingefaa tuiulize pia kuhusu waliomweka mtemi humo.

Ukoloni ulizivuruga nguvu hizo. Chini ya sheria ya mwaka 1926 mtemi alikuwa mtumishi wa Serikali mwenye mshahara, na aliyeweza kumwondoa hasa alikuwa mkoloni. Jina la mtemi lilibaki lile lile, bali aliyekuwa akiwajibika kwa watu wake sasa aliwajibika kwa ofisi ya wilaya.

Geita inatupa funzo kubwa zaidi. Mwaka 1957 Serikali ya kikoloni ilianzisha wilayani humo halmashauri ya mchanganyiko, Waafrika pamoja na Wazungu na Waasia. Kwa sura yake ilikuwa ni kushauriana, na neno halmashauri linabeba shauri ndani yake. Lakini wananchi hawakuitaka, na chama cha TANU kilikuwa kimenyimwa kuandikishwa Usukuma tangu mwaka 1954. Mwaka 1958 maelfu ya watu walikusanyika kuipinga, na wengi wao wakaenda hadi Mwanza kupeleka malalamiko yao. Serikali ilishindwa kuiendesha, na mpango huo ukaachwa. Katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 mpiga kura wa Tanganyika alilazimika bado kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Hivyo watu wa Geita walipambanua wazi: jina la ushirikishwaji si ushirikishwaji.

Hata hivyo tusiwasifu wengi kupita kiasi. Neno raia, tunalolitumia kwa mwenyeji wa Athens aliyekuwa na sauti, katika Kiarabu lilihusu wanaochungwa, kama kundi na mchungaji wake. Kiswahili kimelipandisha cheo. Lakini Athens yenyewe iliwanyima cheo hicho wanawake, watumwa na wageni wakazi, nao kwa pamoja walikuwa wengi kuliko raia. Na mwaka 399 K.K. baraza la mahakimu raia, waliopatikana kwa kura ya bahati, lilimhukumu Socrates afe. Shinyanga nayo ina kumbukumbu yake. Sungusungu walipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, walikusanyika vijijini, wakajichagulia viongozi, na mkuu wao wakamwita ntemi. Waliurudisha usalama wa ng'ombe na mali. Lakini katika mkoa huo huo vikongwe waliuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na wapo walionyooshewa kidole na majirani zao wenyewe. Sauti ya wengi bila sheria si demokrasia. Ni wengi tu. Mfasiri asikubali kuyafanya maneno hayo mawili kuwa moja.

Mfano wa mwisho unagusa ardhi ya Geita yenyewe. Mwaka 483 K.K. mgodi wa fedha wa Laurion ulitoa mali nyingi. Wengine walitaka igawiwe kila raia. Themistocles aliushawishi mkutano badala yake ujenge merikebu za vita, na mwaka 480 K.K. merikebu hizo zilishinda Waajemi huko Salamis. Uamuzi ulikuwa wa mkutano, ingawa waliochimba fedha hiyo walikuwa watumwa wasio na sauti ndani yake. Geita nayo ina dhahabu, na marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye mgodi akubaliane na mamlaka za serikali za mitaa juu ya mpango wa kuihudumia jamii. Sheria hiyo ikifasiriwa kwa wananchi, kila neno lina uzito: je, ni "jamii" inayoamua, ni "halmashauri", au ni "mkutano wa kijiji"? Majina hayo matatu ni ya watu watatu mbalimbali.

Basi tunapendekeza kwamba demos litafsiriwe "umma" au "kitongoji" kwa kadiri ya muktadha. Mkutano wa Pnyx uitwe "mkutano wa raia" wala si bunge. Na kura ya bahati itengwe na uchaguzi. Na kila tunapoliandika neno demokrasia, hatuna budi kujiuliza maswali matatu: nani amechagua, nani ana haki ya kusema, na nani anaweza kumwondoa aliyechaguliwa? Wazee wa Usukuma walikuwa na majibu yao kwa maswali hayo, na umati uliokwenda Mwanza mwaka 1958 uliyauliza kwa miguu yake. Kazi ya msamiati ni kuhakikisha kwamba mjukuu wao, akisoma neno hilo darasani, anaweza kuyauliza kwa Kiswahili.